Sote Hatujambo

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika "sote hatujambo" kabla mtu hajaniambia lolote.

Niliwaandikia watu barua barazani kwangu, mtaa wa Chemchem, miaka ile ya Waingereza. Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili magazeti makuukuu, na mstari uliopinda ulininyima usingizi. Kwa hiyo kila asubuhi nilitayarisha karatasi zenye salamu kamili: sisi huku sote hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Nilizitazama kama mtu anavyotazama kanzu mpya.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Sikonge, amepakiwa kwenye baiskeli ya wauza asali, nguo zikinukia nta. Alitaka kumwandikia mumewe, manamba wa mkataba kwenye mkonge wa Tanga. Alianza mbali, kama desturi ya kwao: njia, vumbi, nyuki waliohama. Maneno yake yalitembea kama wapagazi wa zamani, yakipiga kambi kila penye kivuli. Mimi niliona wino unakauka. Nikaongeza mistari miwili juu ya nyuki, nikafunga bahasha. Alibaki amesimama kidogo, mdomo wazi, kisha akaenda zake.

Alirudi na jibu. Nikamsomea: "Nimefurahi kusikia wote mu wazima, hasa mama. Kwa hiyo nimechukua mkataba mwingine."

"Nani kamwambia mama mzima?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Kumbe wewe mganga, karani! Umemponya mama mkwe wangu kwa wino, na hata uji hanywi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaweka kalamu chini. "Nisamehe, mama. Anza popote unapotaka."

Akaanza tena na njia. Safari hii nilimfuata. Jua lilihama kutoka ukutani hadi miguuni petu, na sauti yake ikawa kama mvumo wa mzinga unaousikia ukiwa bado mbali. Mwishoni kabisa, amekwisha kunyanyuka, akasema, "Mume wangu hukohoa uani kabla ya kupiga hodi. Sasa mtu yeyote akikohoa, mama yake anauliza kama ni yeye."

Nilichukua karatasi tupu, nikayaandika hayo tu. Mstari ulipinda. Sikuurudia.

Majuma mengi nilisikiliza gari moshi likiingia, nikihesabu pumzi za bibi mgonjwa nisiyemjua. Hatimaye yule mama akapita, ameketi nyuma ya baiskeli ileile.

"Karani! Kaja!"

"Kamkuta mama hai?"

"Kakohoa tu uani, mama akasema, 'Ingia.' Jana kanywa uji, kikombe kizima."

Sijui ule uji ulimwongezea siku ngapi, sikuthubutu kuuliza.

Siku hizi sitayarishi salamu. Karatasi hukaa tupu, na siishiki kalamu mpaka mtu aliye mbele yangu anyanyuke kutaka kuondoka.