Kibisi Aliyetua Kwenye Lami

Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo sijui kama nitaeleza sawasawa. Nitaandika nilivyoona.

Mvua ilinyesha usiku kucha hapa Al Rayyan, mji wa jangwani ninakofanya kazi, na hapa mvua ni bahati nasibu. Asubuhi, lami ya maegesho ya mabasi ninayolinda iling'aa kama bwawa. Katikati yake nilimkuta ndege wa kijivu, mdogo kuliko bata, macho mekundu mpaka nikarudi nyuma. Kila akijaribu kusimama alianguka kifudifudi. Miguu ilikuwa huko nyuma, karibu na mkia. Nikaamua imevunjika yote miwili.

Dereva wa basi la kwanza, Mwislamu kutoka Uganda, akashuka kuangalia.

"Huyu amekwisha, askari. Tumchinje kabla hajawa mzoga."

"Sheikh, wewe kila chenye manyoya unaona pilau!"

"Pilau gani, na haka kadogo? Namwonea huruma, bwana. Unataka paka wamle akiwa hai?"

Kusema haki, hakuwa mkatili. Paka wawili walikuwa wameshajipanga chini ya basi. Nikasema tungoje. Akauliza tungoje nini. Sikujua, nikanyamaza, naye akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo.

Akaleta kisu. Ila mnyama hachinjwi akiwa na kiu, akasema, kwanza anywe. Akajaza maji beseni la kuoshea vioo, akamweka ndege ukingoni.

Ndege hakunywa. Alijitupa ndani.

Ile miguu niliyosema imevunjika ikaanza kupiga maji kwa nguvu, yakaturukia usoni. Akanyoosha shingo, akazunguka beseni kama mwenye nyumba. Dereva alibaki ameganda, kisu mkononi.

"Subhanallah! Alikuwa anatuchezea?"

Tulitafuta kwenye simu, picha ikafanana: kibisi. Kama nimeelewa vizuri, huzaliana kwenye maziwa ya kaskazini kabisa, na baridi ikianza kuyagandisha huruka usiku kuja kwenye bahari za joto kama hii yetu. Miguu yake ni ya kuogelea tu. Bila maji ya kukimbilia juu yake hawezi kuruka, na wengine huona lami iliyolowa, taa zinamulika, wakadhani ni ziwa. Huyu hakuwa na kidonda hata kimoja.

Dereva alipomaliza zamu tulimpeleka ndege ufukweni Al Wakrah ndani ya katoni. Dereva aliingia baharini na viatu vyake, akamwachia. Ndege akazama papo hapo. Maji yakatulia. Hakuna kitu.

"Nimemuua!" dereva akapiga kelele, akipapasa chini ya maji kwa mikono miwili.

Halafu mbali kule, ng'ambo ya mashua zilizotia nanga, kichwa kidogo kikachomoza, kikajitikisa, kikazama tena.

Dereva hakutoka majini. "Askari," akasema bila kugeuka, "na kama ningesahau kumpa maji?"

Mimi hayo maji wala sikuwa nimeyafikiria.