Kicheko cha Daktari Vexo

Majuma matano Orrin Tackett alitokwa jasho ndani ya kofia nyeusi iliyomfunika mpaka mabegani, yenye matundu mawili ya macho. Hollywood ya mwaka 1941 ilikuwa na studio za wakubwa na vijistudio vya akina yakhe, na cha Bwana Brackett kilikuwa mkiani mwa hivyo. Orrin aliajiriwa kama fundi umeme. Ndiye aliyeunda mashine ya kuyeyusha mwezi kwa mota ya mashine ya kufulia, redio ya gari na chujio la tambi la mkewe. Roboti alilitengeneza kwa pipa la maji moto, na magoti yake yalilia kama mlango mbovu. Na kwa kuwa Daktari Vexo, mwanasayansi kichaa wa picha hii ya mfululizo wa sehemu kumi na mbili, moja kila wiki, huficha uso wiki kumi na moja, Brackett akaona aliye chini ya kofia aweza kuwa mtu yeyote. Akamvika fundi wake.

"Sehemu ya kumi na mbili, kofia ikivuliwa, watoto wataona sura yako," alimwahidi.

Orrin akamwandikia mama yake kule Bakersfield. Bibi yule hana kifua. Jumapili hiyohiyo kanisa zima likajua.

Siku ya mwisho ya kupiga picha, Orrin alimkuta Floyd, shemeji wa Brackett, akipakwa poda.

"Floyd ndiye atakayevuliwa kofia," Brackett akasema.

"Uliniahidi, bosi."

"Sura hiyo, Tackett? Haimtishi hata kuku! Wewe pigana, anguka nyuma ya meza, Floyd ainuke. Basi."

"Mama yangu ameshawaambia watu."

"Mwambie avue miwani."

Wote wakaangua kicheko, na Floyd akacheka kuliko wote. Orrin akaivaa kofia yake. Nyaya za mlipuko alizifunga yeye, na sheria ya pale kila mtu aliijua: hakuna kurudia. Maabara ilikuwa ya mbao na karatasi. Ikishalipuka, ndiyo imelipuka.

Kamera ikaanza. Shujaa akarusha ngumi iliyopita mbali na kidevu. Orrin hakuanguka. Alijivua kofia mwenyewe, akaikazia kamera macho, akacheka kicheko cha kichaa alichokifanyia mazoezi jikoni kwake, na huku anacheka akavuta swichi. Chujio likaruka darini. Roboti likapoteza kichwa. Floyd akatoka nyuma ya meza akitambaa, poda yote imegeuka masizi.

"Hutagusa hata balbu katika mji huu!" Brackett akafoka.

Hapo alisema kweli. Orrin akarudi Bakersfield kuziba pancha gereji. Lakini majumba ya sinema yalikuwa yanaisubiri picha, na maabara ya pili haikuwapo. Ili kuieleza sura hiyo ngeni, Brackett akabandika sauti ya shujaa juu ya moto ule: "Kumbe ni yule mfagiaji!" Jumamosi sehemu ya mwisho ilipoonyeshwa Bakersfield, mama yake Orrin alisimama katikati ya watoto akipiga makofi. "Mwanangu huyo! Si niliwaambia?"

Utamu wenyewe ukaja baadaye. Studio ile haikuwahi kuwa na mlipuko mzuri kama ule, na Brackett alikuwa mtu wa kupasha viporo: kila mwaka aliutia katika picha mpya. Ila Orrin alikuwa katikati ya moto, na huwezi kuukata moto ukamwacha mtu. Kila mwaka waandishi walihangaika kueleza jinsi mfagiaji alivyofufuka. Floyd hakuonekana hata kisogo.

Wanasema subira yavuta heri. Mwaka wa saba ililivuta gari la Brackett hadi gereji, tairi limelala.

"Tackett," Brackett alisema, kofia mkononi. "Njoo siku moja tu. Tupige picha nyingine, mlipuko mwingine. Watoto wananiandikia barua wakimtaka mfagiaji. Kila nikifumba macho nakuona wewe."

Orrin akaendelea kukaza nati. "Sura hii, bosi? Haimtishi hata kuku."

"Nakuomba."

Neno hilo Orrin alilingoja miaka saba, na lilimburudisha. Akafuta mikono taratibu, akamfungulia mlango wa gari, Brackett akaingia, naye akaufunga. Kisha akainama dirishani, uso kwa uso, akacheka kile kicheko chote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyokicheka motoni.

Brackett akafumba macho.