Waulize Majina Yao

Kuna siku moja naikumbuka hata nikiwa sitaki. Kaa hapo, mwanangu, chai inakuja. Nimesikia Jumatatu unaanza kazi ya kuandikisha watu bima ya afya, na umeshapewa simu ya kuandikishia na fulana yenye maandishi mgongoni. Hongera. Kazi hiyo niliifanya mimi kabla hujazaliwa, tena bila simu, kwa miguu hii unayoiona imevimba. Mambo ya simu utafundishwa na wenzako. Mimi nina neno moja tu la kukupa, na limenitoa machozi mengi, kwa hiyo usiniharakishe.

Nilikuwa binti wa mjini. Babu yangu alikuja Mwanza na cherehani yake, akaoa hapa, na sisi tukazaliwa tukiongea Kiswahili tangu asubuhi mpaka tunalala. Kisukuma nilikijua cha kununulia nyanya tu. Lakini mdomo? Weee! Nilidhani mwenye Kiswahili kilichonyooka ana kila kitu. Basi wakubwa wa kazi wakatutuma ng'ambo ya ziwa, vijiji vya Sengerema. Siku hizi mnapita darajani huku mnachezea simu. Sisi tulisubiri kivuko jua likituwakia, na ukikikosa cha mwisho, umelala huko huko.

Nikafika kwa Mzee Mabula, mkulima wa pamba, mwenye ng'ombe wake zizini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaanza kuniuliza habari za nilikotoka, za mvua, za wazazi wangu. Wasukuma hawasalimiani mbio mbio, mwanangu, salamu kwao ni kazi kamili. Mimi nikazikata juu juu, maana nilikuwa na nyumba nyingi za kupitia. Binti yake Minza, wa darasa la nne, akaniletea kigoda, akapiga magoti kunipa maji ya kunywa, huku anajizuia kucheka jinsi nilivyotamka "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi. Mama yake alikuwa tayari kabisa. Mchango wa bima aliufunga kwenye pindo la kitenge tangu ilipotangazwa mkutanoni. Nilibaki mimi tu kufanya kazi yangu.

Nikamwuliza mzee, "Una watoto wangapi?"

"Wapo," akanijibu.

"Wapo wangapi?"

"Wapo, binti. Mungu ametoa."

Nikaona ananipotezea muda. Nikasema moyoni, huyu mzee hesabu zimemshinda, ngoja nimsaidie. Watoto walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala. Nikanyoosha kidole, nikaanza kuwahesabu mmoja mmoja kwa sauti, kuanzia Kulwa na Doto, wale mapacha, nikamalizia kwa Minza aliyekuwa bado ameshika kikombe changu.

Mama yao akajishika mdomo. Mwanangu, wazee wa kule mtoto hawamhesabu kwa kidole, wala ng'ombe hawawahesabu mbele ya mgeni. Wanasema ukiwahesabu umekionyesha kifo walipo. Kitoto chochote pale kijijini kingenieleza hilo, lakini mimi sikuwa nimemwuliza mtu. Mzee Mabula hakunitukana. Alisimama, akamwambia mkewe, "Mama Kulwa, rudisha fedha hiyo ndani," akaingia, akafunga mlango. Njia nzima nikawa nanung'unika, eti watu hawa washamba. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa vyote viwili na wala sikujua.

Pamba ilikuwa bado shambani Minza alipoanza kuumwa. Homa kwanza, kisha tumbo likajaa. Wakampeleka zahanati, wakaambiwa huyu ni wa hospitali, apasuliwe haraka. Sasa hospitali bila kadi ni fedha mkononi, na fedha ya mkulima ina miguu minne, iko zizini. Mzee akasema ngoja mnada ufike, niuze dume moja. Wakangoja mnada. Mtoto akawa analia usiku na mchana, akaita mama, akaita bibi, mwisho akawa haiti mtu. Dume lile liliuzwa, tena kwa bei nzuri. Mzee anarudi kutoka mnadani, kabla hajaufikia uzio wa minyaa wa nyumbani kwake, akasikia vilio. Fedha ile ikanunua jeneza.

Nilikwenda msibani, ningekaaje? Nilipoingia, wanawake waliwavuta watoto wao wakawafunika kwa khanga. Nikawasikia wakinong'ona, ndiye yule, yule wa kidole. Nililia, mwanangu, nililia mpaka pumzi ikanipotea. Hapo akanyanyuka bibi mmoja, mama mzazi wa Mzee Mabula, akanishika mkono, huu huu wa kulia, akanikalisha naye kwenye mkeka mbele ya watu wote.

"Wanasema kidole chako kimemuua mjukuu wangu," akaniambia, kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mimi nimezika watoto wengi, binti. Sijaona kidole kinachoua mtu. Lakini siku ile mlango wa mwanangu ulikuwa wazi. Nani aliufanya ufungwe?"

Nina umri huu, na swali hilo bado linanifuata.

"Ungetuuliza majina," akasema. "Majina tunayataja bila hofu, si tumewapa wenyewe? Ungeyasikia yote, halafu hesabu ukaifanyia huko huko moyoni mwako."

Lo! Jambo jepesi namna hiyo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikwenda, na mwenyeji hakupona.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa Mzee Mabula. Kigoda nilikichukua mwenyewe, maana aliyekuwa akikileta hakuwepo tena. Nikasalimia mpaka salamu zikaisha zenyewe, mvua ikazungumzwa, wazazi wangu wakaulizwa. Ndipo nikasema, "Mzee wangu, naomba unitajie majina ya watoto."

Akaanza: "Kulwa. Doto. Minza."

Mkewe akainamisha kichwa. Mimi sikuandika kitu, nikangoja. Mzee akajifuta uso kwa kiganja. "Huyo mwache," akasema. "Huyo haumwi tena." Kisha akaendelea na wadogo zake, jina kwa jina, mpaka mwisho, na mama yao akafungua pindo la kitenge.

Sasa sikia, mwanangu. Utaandikisha watu wa kila aina. Utakwenda stendi ya Buzuruga kwa wapiga debe, utakwenda mwaloni, wanakoshusha samaki, kwa Wajita na Wajaluo, utabisha hodi kwa wafugaji kule Usagara. Mama mmoja wa Kiislamu, wa kwetu kabisa, atakuuliza kama bima si kamari. Mwingine atakwambia kulipia ugonjwa ambao haujaja ni kuuita. Usimcheke hata mmoja. Kila nyumba ina hofu yake, na hofu hiyo ndiyo inayoshika komeo la mlango. Kwa hiyo kabla hujafungua hiyo simu, tafuta mtu wa pale, mwulize: hapa kwenu mgeni akosee nini mumfukuze? Kisha ukae chini, salamu ziishe, majina yatajwe. Ukipitia nyumba chache kwa siku, sawa tu; bosi wako akikufokea, mlete kwangu. Maana mtu akikufungia mlango wewe, hajakukomoa wewe. Mtoto wake ndiye atakayesubiri mnada.

Haya, kunywa, chai imepoa. Mwenyezi Mungu akutangulie barabarani na ziwani, akupe ulimi mpole, na kila mlango utakaoubisha ubaki wazi mpaka umalize. Na akikujalia watoto, asikupunguzie hata mmoja, ili mtu akikuuliza ni wangapi, umjibu kwa moyo mweupe: wapo.