Mzani na Jenerali

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ni mwandishi wa habari, na tunaishi nyumba moja kwa mama mkwe. Kazini wanamwita Mzani, kwa sababu kila akifungua mdomo ni haki, haki, haki. Jina hilo alijipa mwenyewe, sina shaka.

Juzi alimhoji jenerali mstaafu. Akarudi kichwa juu, akakaa sebuleni kuyasikiliza mahojiano kwenye simu huku akiandika. Mimi nilikuwa nakunja nguo.

Jenerali hakuficha kitu. "Kile kilima hakikuwa na faida yoyote vitani, na nilijua. Niliwapeleka vijana kwa sababu nilishaahidi ushindi kabla ya sherehe za uhuru."

Hapo nikasikia sauti ya Mzani, laini kama ya mtu anayeposa: "Mheshimiwa, hilo tusiliweke. Watu watakuelewa vibaya."

"Liweke," mzee akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Gazetini halikutoka. Ilitoka picha ya jenerali akimwagilia maua, na chini yake maneno "uamuzi mgumu". Mkosaji kakiri mwenyewe, mwandishi kamziba mdomo! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu huku akipangusa miwani: "Shemeji, haki ni kusikiliza pande zote mbili. Nisingeweza kumchafua mzee wa watu."

Pande zote mbili! Kaka yake alifia kwenye kilima kile, na mimi mjane wake nalala chumba cha pili kutoka chake. Mpaka leo hajaniuliza hata swali moja.