Dawa ya Kulaza Mbegu

Mzee Krijn alipovunjika nyonga, binti yake Tannetje alirudi nyumbani kumuuguza kwa msimu mmoja tu wa baridi. Mimi ni jirani yao, na siku ile ile nilimwambia, "Wewe, hapa huchomoki." Akacheka. Mwaka huu anatimiza miaka hamsini, na bado analala kwenye kitanda cha usichana wake, chini ya tuta linalozuia bahari, katika nyumba ambayo baba akikohoa chini, yeye anaamka juu.

Krijn si mtu mbaya, ni king'ang'anizi tu. Maji ya chumvi yanapenya chini ya tuta na kuingia kwenye shamba lake la vitunguu, na mvua ikichelewa, mbegu hazioti. Wenzake wote wameuza. Lakini baada ya hasara ya mwaka jana alitamka mbele yangu, "Safari hii zisipoota nauza, naenda nyumba ya wazee mjini Zierikzee, jina nimeshaandikisha." Tannetje alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso, ila kisu kilisimama.

Yeye anafanya kazi kwenye maabara ya mbegu. Alinieleza kwamba ndani ya kila mbegu mna homoni mbili zinazovutana: moja inasema amka, nyingine inasema lala, hali bado mbaya. Chumvi ikizidi, ile ya kulaza inashinda. Maabara wanazo zote mbili kwenye chupa. Tena wakubwa wake walikuwa wamempa cheo Enkhuizen, mbali kaskazini, wanangoja jibu tu. Baba hakuambiwa. Niliambiwa mimi, nikaapishwa.

Mwezi wa tatu Krijn alizijaribu mbegu zake kwenye kitambaa dirishani, akizilowesha kwa maji ya chumvi ya mtaroni. Hazikutoa hata ncha. Nikamsikia Tannetje anaimba huku anaanika nguo. Halafu mzee akakumbuka.

"Binti, si ninyi huko mnaamsha mbegu? Niletee hiyo dawa."

"Baba, ile si ya kuchukua nyumbani."

"Kidogo tu! Au unataka nikafie Zierikzee, nalishwa uji kwa kijiko?"

Jioni hiyo Tannetje alikuja jikoni kwangu, akakaa bila kuvua koti. "Leuntje, anataka nijifungie mlango mwenyewe, ufunguo nimpe yeye."

"Mpe maji matupu. Atajuaje?"

"Hata kulowekwa kwenye maji matupu huzisaidia kuota. Nitampa ile ya kulaza."

Nilimkatia kipande kikubwa cha keki.

Akampa baba yake chupa na maagizo: loweka, anika, panda, basi. Kukaja ukame na upepo wa mashariki, nikasema mambo yamekwisha. Tannetje aliniletea maua yake ya dirishani niyatunze akishaondoka. Alitembea kama mtu aliyevua viatu vinavyobana, na mimi nilifurahi, kwa kweli nilifurahi sana.

Asubuhi moja Krijn akagonga mlango wangu kwa fimbo, anacheka mdomo wazi. Mimi na Tannetje tulimfuata shambani. Vitunguu vilikuwa vimesimama mstari kwa mstari, kijani kibichi, kwenye chumvi ile ile.

Tannetje alipauka. "Baba, zile mbegu ulizifanyaje?"

"Kama ulivyosema. Nikaloweka, nikasuuza, nikaanika."

"Ulisuuza?"

"Kwa maji ya mvua, mpaka yakatoka safi. Wewe unadhani nitatia madawa kwenye udongo aliolima marehemu mama yako hivi hivi?"

Mtu ambaye hata kikombe chake hasuuzi! Baadaye Tannetje alinieleza kwa sauti ndogo: mbegu iliyolazwa hivyo, ikioshwa, huamka pamoja na zenzake, tena imeshazoea shida, haiogopi chumvi. Alilijua hilo kazini. Hakufikiria kwamba baba yake angezisuuza.

Pale shambani mzee hakushtukia kitu. "Wale wa Zierikzee nimeshawapigia simu, nafasi yangu wampe mwingine," alisema. "Mimi na wewe tupo hapa mpaka mwisho. Mwanangu, bila wewe nisingeweza."

Akanyoosha mkono, anatafuta pa kushika. Tannetje alitazama tuta, akanitazama mimi.

"Twende ndani, Baba," alisema, akampa bega. "Upepo mkali."