Mukeka wa shangazi ndani ya kamio

Kidogo nikose permi ya kuendesha leo, sababu ya mukeka.

Taa za kamio, ile lori ya baba mudogo, zilikuwa zinakataa kushuka, zinachoma macho ya kila anayekuja mbele. Kitufe cha kuzishusha, kile cha kukanyaga na muguu wa kushoto, kilikuwa kimejaa udongo wa njia ya Kabambare. Tumekisugua asubuhi yote mpaka kikakubali.

Shangazi naye akataka kusaidia. Akatandika mukeka mupya chini ndani ya kamio, pa kuweka miguu, ili muzungu wa mutihani, yule wa kunipima kuendesha, asichafuke.

Sasa, nani anakanyaga mukeka na viatu? Nikavua vyangu. Muzungu akapanda na vyake, akaangalia vidole vyangu.

Akanisimamisha mbele ya ukuta wa soko.

"Shusha taa."

Nakanyaga. Mukeka tu.

Nakanyaga tena, muguu unachakura kama kuku.

"Taa imekufa."

"Hapana, Bwana, iko muzima. Kitufe iko chini ya mukeka."

Nikamuomba anyanyue miguu. Akanyanyua, viatu juu, soko nzima inatazama. Nikakunja mukeka, nikakanyaga. Pale ukutani taa zikashuka.

Permi nimepata.

Shangazi hata hajauliza juu ya permi. Ameuliza kama muzungu alivua viatu.

Nyinyi mungemujibu nini?