Kidole cha Zambarau

Ukumbi wa kanisa letu hapa Barking, ughaibuni, leo ni kituo cha kupigia kura. Unanukia polishi ya sakafu, harufu ileile ya kanisa la utotoni mwangu.

Nilipokuwa mtoto kule nyumbani, Jumapili moja baada ya uchaguzi, mchungaji alitaka kila anayekuja Meza ya Bwana ainue kidole chenye wino wa kura. Mkristo asiyepiga kura, alisema, amemkatalia Mungu. Mama hakuwa amepiga. Uchaguzi uliotangulia, majirani tuliosali nao walichoma nyumba ya dada yake. Asubuhi hiyo nilimkuta jikoni akichovya kidole kwenye dawa ya zambarau, ile aliyonipaka nilipokuwa na vidonda mdomoni.

“Mama, hiyo si wino.”

“Nyamaza, uvae viatu.”

Kanisani aliinua kidole, akapewa mkate. Alikaa nao mdomoni mpaka wimbo ukaisha.

Leo nimeishika penseli ya kituo iliyofungwa kamba, kisha nikaikunja karatasi ya kura bila kuweka alama. Mlangoni binti yangu ameniuliza kwa Kiingereza kama nimepiga. Nimemjibu ndiyo, mkono nimeuficha mfukoni, ingawa hapa hakuna anayekagua vidole.